Majipu kati ya vidole vya buldogi: geuza mguu uangalie chini

“Daktari, shikamoo. Nina buldogi dume wa miaka 4, kilo 31. Tangu mwaka jana anatokwa na vijipu vyekundu kati ya vidole vya miguu ya mbele, zaidi mguu wa kulia upande wa nje. Kijipu kinavimba, kinakuwa kama lengelenge la damu, kinapasuka, kinakauka, halafu baada ya wiki mbili tatu kingine kinaota palepale au jirani yake. Usiku kucha analamba miguu, mpaka manyoya meupe yamegeuka rangi ya kutu. Ameshapewa antibiotiki mara 3, kila mara siku 7. Anapata nafuu, kisha vinarudi. Mimi humkamua na kumwosha kwa maji ya chumvi. Jirani anayefuga mbwa ananiambia hizo ni sisti, zikatwe zitolewe na mizizi yake. Je, ni kweli? Nimekosea wapi? Na kuna hatari yoyote kwa watoto wanaocheza naye?”

Marahaba. Pole wewe, na pole zaidi yeye, maana kidonda cha kati ya vidole anakikanyaga kila anapoinuka kwenda kunywa maji. Umeuliza mengi, lakini naona linalokuumiza zaidi ni hili: umefanya kila ulichoambiwa, dawa umenunua, miguu umeosha, na bado vijipu vinarudi kana kwamba hukufanya kitu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu ukishaelewa kinachotokea ndani ya ngozi ile, maamuzi mengi utayafanya mwenyewe bila kunisubiri. Sijamshika mguu mbwa wako, kwa hiyo siwezi kuapa juu ya ugonjwa wake. Lakini maelezo yako ni mazuri, na yanaelekea upande mmoja.

Nianze na jina. Watu wengi huviita sisti, hata baadhi yetu madaktari kwa mazoea. Sisti ni kifuko chenye ukuta wake, na ndani yake kuna maji au uji mzito; ukikitoa kizima, kimekwisha. Anachotokwa nacho mbwa wako, kwa ulivyoeleza, ni jipu la kina. Kifuko ambamo unywele huota kimepasukia chini ya ngozi, na mwili unapigana na kilichomwagika. Ukilikata jipu la namna hii bila kugusa kilicholileta, umeondoa la leo na la mwezi ujao liko njiani.

Sasa tuutazame mguu wenyewe. Mbwa wa umbo la kawaida hukanyagia mito ya unyayo, zile sehemu nene zisizo na manyoya. Ngozi ya kati ya vidole, yenye manyoya, haibebi uzito. Buldogi hakuumbwa hivyo. Ana kifua kipana, kichwa kizito, miguu mifupi iliyoachana, na vidole vyake hutanuka anaposimama. Mbwa yeyote hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na kwa buldogi, ambaye mzigo wake mwingi uko mbele, usitarajie pungufu ya hapo. Kwa kilo 31 za mbwa wako, ni karibu kilo 19 zinazoshuka juu ya miguu 2. Vidole vinaachana, mguu unalala, na ile ngozi yenye manyoya inaanza kukanyagiwa kama unyayo, hasa kati ya kidole cha nje kabisa na jirani yake. Ndiyo maana uliposema “upande wa nje” sikushangaa.

Ongeza na aina ya manyoya aliyonayo. Ni mafupi na magumu kama ya burashi ya viatu. Unywele mrefu ukikandamizwa hulala. Unywele mfupi mgumu hurudishwa ndani ulikotoka, ukachoma ukuta wa kifuko chake. Wakati huohuo ngozi inayosuguliwa hujikinga kwa kuwa nene, kama kiganja cha mtu anayelima, na unene huo huziba midomo ya vifuko. Sasa kifuko kimezibwa juu, kinasukumwa kutoka chini, na kina sindano ndani yake. Siku moja kinapasuka.

Kikipasuka, unywele na keratini, ile protini inayojenga nywele na makucha, vinamwagika ndani ya nyama. Mwili hauutambui unywele huo kuwa wake. Unauona kama mwiba, na unatuma askari wake wote. Hapo ndipo unapoona uvimbe, wekundu, joto na lile lengelenge la damu. Mara nyingi mwanzoni bakteria hawajaingia kabisa. Huo ni ugomvi wa mwili na unywele wake. Bakteria hufuata, hasa Staphylococcus pseudintermedius, ambaye huishi kwenye ngozi ya mbwa hata akiwa mzima na husubiri ufa kama huo. Kisha damu na usaha hutafuta pa kutokea. Chini ngozi ni nene na imekandamizwa, juu ni laini. Basi jipu linatumbuka juu ya mguu, mahali unapoliona wewe.

Hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote niliyoandika hapa: kidonda cha juu ni mlango wa kutokea tu. Ugonjwa umeanzia chini.

Nilipoanza kazi hii nilitibu miguu mingi ya buldogi kwa kutazama upande wa juu peke yake. Nilisafisha kidonda, nikaandika dawa, nikamwambia mwenye mbwa arudi baada ya wiki. Kulikuwa na jike mmoja aliyerudi mara nyingi hivi kwamba alianza kunificha mguu kabla sijamgusa. Siku niliyomlaza chali na kugeuza mguu wake ndipo nilipoona chini ya vidole ngozi isiyo na manyoya, nene, yenye vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, imejiunga na mto wa unyayo kana kwamba ni sehemu yake. Muda wote ule nilikuwa nikipiga deki bila kufunga bomba. Naumia nikimkumbuka, na ndiyo sababu kila anayeniuliza kuhusu miguu namwambia ageuze mguu kwanza.

Basi fanya hivyo leo jioni, mbwa akiwa ametulia. Mlaze ubavu, tumia taa nzuri, anza na mguu usiouma ili asikukatae. Tenganisha vidole taratibu na utazame kila nafasi, juu na chini. Unatafuta mambo haya: ngozi iliyopoteza manyoya karibu na mito na kuwa nene, yaani unyayo wa bandia, vidoa vyeusi, ambavyo ni midomo ya vifuko vilivyoziba, wekundu na unyevu, harufu ya hamira au ya samaki, uvimbe mgumu anaoshtuka ukiubonyeza. Kagua na makucha, kwani ukucha mrefu humlazimisha kukanyaga vibaya. Angalia pia kama ugonjwa uko mguu mmoja au yote. Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, nitalirudia.

Umbo la mguu peke yake halitoshi kueleza kila kitu. Buldogi wote wana umbo hilo, lakini si wote wenye majipu. Kuna kitu kilichomsukuma huyu wako akavuka mstari, na nikisoma barua yako naona viwili.

Cha kwanza ni ile rangi ya kutu. Watu hudhani ni uchafu au damu. Ni mate. Mate ya mbwa yana chembechembe za rangi ziitwazo porfirini, na manyoya meupe yakilambwa kila siku hugeuka kuwa kahawia. Kwa hiyo una ushahidi wa maandishi kwamba mbwa huyu analamba miguu kwa miezi, na sidhani ni mazoea tu. Anawashwa. Sababu kubwa ya kuwashwa miguu kwa buldogi ni mzio: wa vumbi la nyumbani, chavua, ukungu, au wa chakula. Mzio wa mazingira kwa kawaida huanza mbwa akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na miaka 3. Hebu kumbuka: kabla ya majipu haya, alikuwa na masikio mekundu? Anasugua uso kwenye zulia? Makwapa na tumbo huwa mekundu? Ukijibu ndiyo kwa mawili kati ya hayo, nadhani tumepata chanzo. Mzio huvimbisha ngozi, uvimbe huziba vifuko, na kulamba huloanisha ngozi ikawa laini kama ya vidole vilivyokaa majini. Unyevu huo ndio anaoupenda fangasi jamii ya hamira aitwaye Malasezia, na yeye akishaongezeka huwasha zaidi. Mbwa anazidi kulamba.

Cha pili ni kilo 31. Viwango vya ufugaji vya Uingereza, nchi ilikotoka aina hii, vinataja takriban kilo 25 kwa dume. Wapo madume wenye mifupa mikubwa ambao kilo 27 si unene kwao, kwa hiyo usitumie mizani peke yake. Pitisha viganja mbavuni bila kubonyeza: mbavu zinatakiwa kuhisika kwa urahisi chini ya mafuta membamba. Usipozipata mpaka ubonyeze, amezidi. Nasema haya bila lawama. Buldogi anaomba chakula kwa uso ambao ni vigumu kuukatalia, na anachoka haraka akitembezwa. Lakini kila kilo iliyozidi inashuka kwenye vile vidole viwili vya nje, na hakuna dawa itakayoibeba badala yake.

Vipo na vyanzo vingine ambavyo daktari wa mifugo lazima avitoe kwenye orodha kabla ya kuandika chochote. Kwanza kabisa ni utitiri uitwao demodeksi, kijidudu kisichoonekana kwa macho kinachoishi ndani ya vifuko vya nywele. Karibu kila mbwa anao wachache, aliowapata kwa mama yake siku za kwanza za uhai, lakini kinga ikiyumba huzaana na kupasua vifuko kwa namna inayofanana kabisa na hii. Kipimo chake ni rahisi: daktari hukwangua ngozi kwa kina mpaka itoe damu kidogo, au hung'oa nywele chache, kisha hutazama kwa darubini. Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu ya kosa moja linalorudiwa sana: mbwa anapewa stiroidi kupunguza uvimbe, na kumbe ana demodeksi. Stiroidi hushusha kinga, na utitiri unafurahi. Ukiulizwa uchague kipimo kimoja tu, chagua hiki. Zuri ni kwamba demodeksi siku hizi hutibika vizuri kwa vidonge vya kundi la isoksazolini, vilevile vinavyotumika kwa viroboto na kupe. Kilichokuwa kikichukua miezi ya kuogesha kwa dawa kali sasa ni kidonge kwa ratiba.

Sasa lile swali la mguu mmoja au yote. Mzio na utitiri hupenda miguu zaidi ya mmoja. Uvimbe mmoja, mguu mmoja, usiohama na usiopona, hasa kwa mbwa mwenye umri mkubwa, ni habari nyingine. Inaweza kuwa mbegu ya nyasi iliyochoma na kusafiri ndani ya nyama. Inaweza kuwa kidole kilichovunjika. Inaweza kuwa saratani, na buldogi ni miongoni mwa mbwa wanaopata kwa wingi uvimbe wa seli za masti, yaani chembe za kinga zinazohusika na mzio, ambao kwa macho unaweza kufanana na jipu la kawaida. Ukucha unaovimba shinani na kulegea bila sababu nao usiupuuze. Katika hali hizo daktari huchoma sindano nyembamba na kutazama chembe zilizotoka, au hukata kinyama na kukipeleka maabara, au hupiga picha ya eksirei. Mbwa wako ana vijipu vinavyohama na kurudi katika miguu miwili, hivyo hili si la kwanza akilini mwangu. Lakini kikitokea kimoja kigumu kinachokaa mwezi mzima, usikingoje.

Tuje kwenye antibiotiki. Siku 7 mara 3 hukutendewa haki, na mbwa pia. Maambukizi ya juu juu ya ngozi huweza kuisha kwa muda mfupi, lakini haya yamezama, yamezungukwa na makovu, na katikati yake kuna vipande vya nywele ambavyo dawa haiviyeyushi. Matibabu ya kweli ya jipu la kina mara nyingi huchukua wiki kadhaa, na si ajabu kufikia 6 au 8, huku mbwa akikaguliwa kila baada ya wiki 2 au 3 kwa vidole, si kwa macho tu, maana ngozi ya juu hufunga wakati chini bado kuna uvimbe. Kukatisha njiani mara tatu kunafundisha bakteria kuizoea dawa. Kwa hiyo kabla ya raundi ya nne omba usaha uoteshwe maabara ili ijulikane ni bakteria gani na dawa gani inamuua. Sampuli nzuri hutoka ndani ya kijipu ambacho hakijapasuka. Pamba iliyopitishwa juu ya kidonda wazi huokota kila kitu kilichokanyagwa siku hiyo.

Na huenda jibu la maabara likawa kwamba bakteria si tatizo kubwa. Hapo ndipo dawa za kutuliza ugomvi wa mwili zinapofaa, maana kinachouma ni uvimbe wenyewe. Prednisoloni, ambayo ni stiroidi, hufanya kazi haraka na ni ya bei nafuu ukilinganisha na nyingine, lakini humfanya mbwa ale na kukojoa sana, na buldogi mnene kuongezewa njaa ni kumrudisha nyuma. Siklosporini inachukua wiki kadhaa kuonyesha matunda, na wengine hutapika mwanzoni, ila kwa miguu iliyoharibika kwa muda mrefu nimeiona ikisaidia vizuri. Oklasitinibu huzima kuwashwa ndani ya siku moja au mbili, na ni nzuri pale mzio unapoongoza. Kwa makovu ya zamani yenyewe haitoshi. Kama ningekuwa mimi, baada ya kuhakikisha hakuna utitiri, ningezungumza na daktari kuhusu kuanza na kituliza mzio wakati jibu la maabara linasubiriwa.

Chakula nacho kina sehemu yake, lakini kwa utaratibu. Hakuna kipimo cha damu cha kuaminika cha mzio wa chakula. Kinachoaminika ni kumpa kwa wiki 8 kamili chakula chenye protini moja ambayo hajawahi kuila, au chakula maalumu ambacho protini yake imekatwakatwa vipande vidogo ambavyo mwili hauvitambui. Wiki hizo hakuna kingine: hakuna mfupa, hakuna masalia ya mezani, hakuna hata kidonge chenye ladha ya nyama. Baadaye mrudishie chakula cha zamani; akianza tena kuwashwa, umepata jibu. Kubadilisha mfuko wa chakula kila mwezi kwa kubahatisha hakukuambii lolote.

Sasa kukamua. Acha kuanzia leo, tafadhali. Najua unaona usaha ukitoka na mbwa anapata nafuu, na nafuu hiyo ni ya kweli kwa saa chache. Lakini kidole chako hakichagui upande. Kinachotoka juu ni kidogo, na kinachosukumwa chini ni vipande vya unywele na keratini vinavyopasua vifuko vya jirani. Kile kijipu kipya ulichosema kinaota “palepale au jirani yake” huenda kwa sehemu kimetokana na hapo. Hukufanya kwa uzembe. Karibu kila mtu anayempenda mbwa wake hukamua.

Maji ya chumvi hayana dhambi kubwa, ila hayaui bakteria wala hamira kwa kiasi kinachotakiwa, na mguu ukiachwa umelowa ni heri usingeoshwa. Badala yake tumia sabuni au myeyusho wa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, wa asilimia 2 hadi 4 uliotengenezwa kwa ajili ya ngozi ya wanyama. Paka kati ya vidole juu na chini, subiri dakika 10 ukitazama saa, suuza, kisha kausha. Hizo dakika 10 ndizo dawa. Wengi hupaka na kusuuza papo hapo, wakasema haifanyi kazi. Fanya hivyo kila siku au siku moja kwa nyingine kipindi hiki cha ugonjwa, baadaye mara 2 kwa wiki. Kila akitoka nje, pangusa miguu kwa kitambaa chenye maji safi kuondoa chavua na vumbi, ukaushe hadi katikati ya vidole. Kukausha ni nusu ya tiba, na ndiyo nusu inayosahaulika.

Usinyoe kati ya vidole kwa wembe au mashine mpaka kwenye ngozi ukidhani unasaidia hewa kupita. Utaacha visiki vya nywele vikali kuliko vilivyokuwepo, na tumeshaona kisiki kinafanya nini. Usimwage haidrojeni peroksaidi juu ya kidonda, inaunguza nyama changa inayojaribu kuziba. Mafuta ya mti wa chai ni sumu kwa mbwa, na marhamu zenye oksidi ya zinki zikilambwa zinaweza kumdhuru, na huyu wako atalamba. Dawa za maumivu za binadamu usimpe hata nusu: ibuprofeni na diklofenaki huweza kutoboa tumbo na kuua figo za mbwa. Zipo dawa za maumivu za mbwa, mwombe daktari, kwa sababu mguu huu unauma na maumivu yake yanastahili kutibiwa.

Wakati vidonda viko wazi, kola ya koni, ile ya shingoni inayomzuia kulamba, usiku ni bora kuliko bandeji. Bandeji iliyofungwa nyumbani hulowa, hubana, na mguu wa buldogi huvimba chini yake usiku mmoja. Viatu laini vyenye nafasi pana ya vidole vinasaidia anapotembea kwenye changarawe au saruji mbaya. Mvue mara tu anapoingia ndani. Mahali anapolala na kusimama sana pawe na mkeka au zulia linalofulika. Wavu wa waya kama sakafu ya banda ni adui kamili wa miguu hii. Na umtembeze asubuhi mapema au jioni, kwa sababu lami ya mchana huunguza unyayo, na pua fupi ya buldogi haimruhusu kupoza mwili wake kama mbwa wengine.

Kuhusu uzito, lengo zuri ni apungue asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki, yaani kati ya gramu 300 na 600 kwa huyu wako. Pima chakula kwa mizani ya gramu, maana kikombe hudanganya, na hesabu kila kipande anachopewa na watoto. Ukishikilia hapo, miezi 2 hadi 4 inatosha kumfikisha kwenye kilo 26 au karibu yake. Nimeona buldogi ambao dawa ziliwapa nafuu ya nusu tu, na nusu iliyobaki ikaja kwa mizani.

Tumerudi kwa jirani yako na kisu chake. Hajakosea moja kwa moja. Kuna miguu iliyoteseka kwa miaka, makovu yamekuwa magumu, vifuko vya kweli vimejengeka ndani, na dawa haziingii tena. Kwa hao upasuaji upo. Mmoja hutumia leza kuchoma na kufungua kila njia ya jipu mpaka chini, na mara nyingi huhitaji kurudiwa. Mwingine huondoa kabisa ngozi ya kati ya vidole na kuviunganisha vidole viwe kama unyayo mmoja. Ni upasuaji mkubwa, uponaji wake ni wa wiki nyingi, na hufanywa wakati mengine yote yameshindwa. Kumbuka pia kwamba dawa ya usingizi ina hatari ya ziada kwa buldogi kwa sababu ya koo na pua zao, hivyo afanye daktari aliyezoea mbwa wa pua fupi. Kwa mbwa wa miaka 4 ambaye hajawahi kukwanguliwa ngozi wala kuoteshwa usaha, mimi nisingekata. Akiwa ametibiwa ipasavyo kwa miezi 4 hadi 6, amepungua, kuwashwa kumezimwa, na bado nafasi ileile inapasuka, hapo tungeketi na kulizungumza.

Nisikudanganye kuhusu matarajio. Kama ni mzio, hautaisha, utadhibitiwa. Atakuwa na misimu mizuri na mibaya, na pengine kijipu kimoja kwa mwaka badala ya kimoja kila wiki tatu. Kwa mbwa aliyekuwa hawezi kulala, hiyo ni tofauti kubwa.

Watoto wako wasiwe na hofu. Demodeksi wa mbwa hahamii kwa watu, mzio hauambukizi, na bakteria huyu wa ngozi ya mbwa ni nadra sana kumsumbua mtu mwenye afya. Wanawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza naye, wasishike vidonda, na mwenye kidonda kibichi mkononi akae mbali kidogo. Wawili wanaoambukiza watu ni upele wa mbwa na mashilingi. Kwa hiyo ukiona mtoto anawashwa mikononi au amepata duara jekundu lenye magamba, mpeleke hospitali na umweleze daktari wa mbwa pia.

Usisubiri miadi ikiwa mbwa hataki kabisa kukanyaga mguu, uvimbe unapanda juu ya kifundo, amekataa chakula, joto lake limepita nyuzi 39.5 (la kawaida ni kati ya 38 na 39.2), damu haikomi baada ya kubana kwa dakika 10, au ngozi inageuka nyeusi na kunuka. Hizo ni za siku hiyohiyo.

Kama hakuna hata moja kati ya hizo, tafuta miadi wiki hii. Usimwoshe miguu kwa dawa siku mbili kabla, ili vipimo vione kilichopo. Piga picha ya kila mguu, juu na chini, vidole vikiwa vimetenganishwa, uandike tarehe. Nenda na majina ya antibiotiki zote tatu alizopewa. Na daktari akianza kutazama kile kidonda cha juu, mwombe kwa heshima ageuze mguu.